Msimu wa hoki ya barafuni ukiwa Mwanza: mwongozo kamili wa kuufuatilia, Novemba hadi Mei

Kazi yangu ni majokofu. Asubuhi nakwenda kusikiliza kompresa za watu: za baa, za bucha, za wauza maziwa, na za wenye samaki kule Mwaloni Kirumba. Kwa hiyo barafu naijua. Naijua ikitoka kiwandani kwa mabonge, ikisagwa, ikishindiliwa kwenye boti zinazokwenda visiwani kufuata sangara, na naijua ikirudi maji. Nilipopita Nairobi nikaonyeshwa uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005, mimi sikutazama watoto wanaoteleza. Nilizunguka nikitafuta mtambo uko wapi.

Huko ndiko nilikoanzia, na sasa huu ni mwaka wangu wa kadhaa nafuatilia hoki ya timu za taifa nikiwa Mabatini. Wengi wananiuliza nafanyaje, kwa kuwa kwenye televisheni za hapa haionekani na mechi zinachezwa saa ambazo mtu mwenye akili amelala. Naandika hapa yote, kwa hatua, kwa mtu wa Mwanza, Musoma au Bukoba mwenye simu, bando na subira kidogo.

Hatua ya 1: Jua kwamba huu msimu si ligi

Kosa la kwanza la mgeni ni kutafuta msimamo wa ligi. Haupo. Timu za taifa hukutana kwa mashindano mafupi yaliyotawanyika kuanzia Novemba hadi Mei, na kila moja lina uzito wake. Shirikisho la kimataifa, IIHF, lilianzishwa Paris mwaka 1908 na makao yake yako Zürich. Hilo ndilo linalosimamia mashindano ya dunia. Mengine huandaliwa na mashirikisho ya nchi au na NHL, ligi kubwa ya Amerika Kaskazini.

Nachukua msimu wa 2024/25 kama mfano, maana nimeufuata wote hadi mwisho.

Novemba hufunguliwa na mfululizo wa Euro Hockey Tour: Ufini, Uswidi, Ucheki na Uswisi. Uswisi iliingia mwaka 2022, Urusi ilipoondolewa. Hizi ni mechi za kujaribu wachezaji. Ukizikosa hujapoteza kitu, ila ni shule nzuri kwa anayeanza.

Desemba 26 huanza mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 20, timu 10. Mwaka ule yalikuwa Ottawa, hadi Januari 5. Hapa ndipo mchezo wenyewe ulipo. Vijana hawahesabu nguvu, wanakimbia tu. Latvia iliifunga Kanada, mwenyeji, 3-2 kwa penalti, na fainali Marekani ikaichapa Ufini 4-3 katika muda wa nyongeza.

Februari 12 hadi 20, 2025, NHL iliandaa mashindano ya mataifa manne huko Montreal na Boston: Kanada, Marekani, Uswidi, Ufini. Haya hayapo kila mwaka. Februari ya mwaka wa Olimpiki ya majira ya baridi nafasi hiyo huchukuliwa na Olimpiki. Milano 2026 ndipo wachezaji wa NHL waliporudi kwa mara ya kwanza tangu Sochi 2014.

Aprili 2025 ilikuwa ya wanawake, České Budějovice huko Ucheki: Marekani 4, Kanada 3, muda wa nyongeza tena. Hizo timu mbili zikikutana, acha ulichonacho mkononi uangalie. Aprili ndiyo pia ya madaraja ya chini ya wanaume, nitayarudia mbele.

Kisha Mei, mashindano ya dunia ya wanaume ya daraja la juu. Timu 16, makundi mawili ya timu 8, mechi 64. Nne za juu kila kundi zinaingia robo fainali, na ya mwisho kila kundi inashuka daraja. Mwaka 2025 yalichezwa Stockholm na Herning, Mei 9 hadi 25.

Kama una nafasi ya kufuatilia kitu kimoja tu, fuatilia Mei. Sababu iko hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Kalenda na saa, hapa ndipo watu wanapopotea

Nunua daftari. Usitegemee simu ikubadilishie saa, maana baadhi ya programu huonyesha saa za mahali mechi inapochezwa na nyingine za mahali ulipo, na hazikwambii ni ipi. Andika mwenyewe.

Mimi sibadilishi mara mbili, kwanza kwenda saa za Afrika Mashariki halafu kwenda saa zetu za Kiswahili. Naruka moja kwa moja, hivi:

Mechi ya Stockholm, Herning, Prague au Zürich wakati wa Mei: chukua saa iliyoandikwa kwa mtindo wa saa 24, toa 5. Mechi za Mei 2025 zilipangwa 12:20, 16:20 na 20:20. Ya 16:20 toa 5, unapata saa 11 na dakika 20 jioni. Ya 20:20 unapata 15, toa 12, ni saa 3 na dakika 20 usiku. Ya 12:20, ambayo ilikuwa ya wikiendi, ni saa 7 na dakika 20 mchana. Umeona? Ni saa za binadamu. Ndiyo maana nasema Mei.

Miji hiyo hiyo wakati wa baridi: toa 4 badala ya 5. Wazungu hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua halitusumbui, hatugusi saa.

Ottawa, Montreal, Boston, wakati wa baridi: chukua saa ya jioni ya kwao na uongeze 2. Mechi ya saa 7:30 ya jioni kwao ni saa 9 na nusu usiku kwetu. Ya saa 8 ni saa 10 alfajiri. Baada ya Jumapili ya pili ya Machi, ongeza 1 tu. Angalia kwamba Amerika husogeza saa wiki mbili au tatu kabla ya Ulaya. Katika kipindi hicho usiamini hesabu yoyote ya mwezi uliopita.

Kisha siku. Hapa niliumia. Fainali ya mataifa manne iliandikwa Alhamisi, Februari 20, Boston, saa 8 ya jioni kwao. Nikahesabu vizuri: saa 10 alfajiri. Nikaweka kengele, nikaamka Alhamisi alfajiri, nikakaa sebuleni na chai nikitazama skrini isiyo na kitu hadi muadhini akaanza. Mechi ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Usiku huo sasa, kwa uchovu wa jana yake, nililala kama gogo. Kanada ikashinda 3-2 kwa bao la Connor McDavid katika muda wa nyongeza, nami nikalisoma saa 2 asubuhi nikiwa kwenye daladala ya Igoma.

Kwa hiyo kwenye daftari, mechi za Amerika usiandike "Alhamisi". Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Kiswahili kilishamaliza tatizo hili zamani, ni sisi tunaoacha kukitumia.

Jambo la mwisho la kalenda: Mei inagongana na mwisho wa msimu wa soka. Mei 25, 2025 ilikuwa Jumapili, Simba inarudiana na RS Berkane kule Zanzibar katika fainali ya Kombe la Shirikisho, na usiku huo huo fainali ya hoki Stockholm. Kwa bahati zilipishana. Mwenye mapenzi na vyote apige mstari mwekundu mapema na awaarifu wa nyumbani.

Hatua ya 3: Chagua timu, na usichague Kanada

Kila mgeni anakimbilia Kanada au Marekani. Huo ni uvivu. Ukishabikia kubwa, wiki nzima ya kwanza utaangalia 6-0 na 5-1, usinzie.

Ushauri wangu ni kuchukua timu ya katikati au ya chini, yenye hofu ya kushuka daraja. Slovenia, Hungaria, Latvia, Austria, Denmark. Kwao kila pointi ina maana. Mwaka 2025 Kazakhstan na Ufaransa zilishuka, nafasi zao zikachukuliwa na Uingereza na Italia, na Austria ambayo hakuna aliyeitaja ikaingia robo fainali.

Mimi nilichukua Denmark, kisa tu walikuwa wenyeji. Robo fainali, Herning, wakakutana na Kanada yenye Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Hadi dakika mbili na ushee za mwisho walikuwa nyuma kwa bao moja. Wakamtoa kipa, wakaongeza mshambuliaji, Nikolaj Ehlers akasawazisha. Zikiwa zimebaki sekunde 49, Nick Olesen akafunga la pili. Nilipiga kelele mpaka jirani akaniita dirishani kuuliza kama ni mwizi. Nusu fainali Uswisi ikawafunga Denmark 7-0, lakini hiyo haikuniuma hata kidogo.

Jambo la kujua kuhusu vikosi: Mei ni wakati wa mtoano wa NHL. Mchezaji ambaye klabu yake bado iko ndani haji kwenye timu ya taifa, na klabu ikitolewa anaweza kuongezwa mashindano yakiwa yanaendelea. Kwa hiyo kikosi cha Uswidi cha wiki ya kwanza huenda si cha wiki ya pili. Usiweke dau kwa majina.

Usitafute Urusi wala Belarusi katika msimu huu ninaouelezea. Zilifungiwa Februari 2022.

Hatua ya 4: Sheria zinazotosha kuanzia

Huhitaji kitabu kizima. Anza na haya.

Uwanjani kila upande una watu watano na kipa. Vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila filimbi inapolia, ndiyo maana mechi nzima hula kama saa mbili na nusu. Badala ya mpira kuna kisahani cha raba ngumu, unene sentimita 2.54, upana 7.62, uzito kati ya gramu 156 na 170. Hugandishwa kabla ya mechi kisidundedunde. Mwanzoni hutakiona. Usihangaike nacho: tazama mabega ya wachezaji, wanakoelekea ndiko kilipo. Baada ya mechi tatu jicho linazoea.

Wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea, kila mmoja hukimbia chini ya dakika moja kisha anaruka ukuta kutoka. Hakuna idadi ya mwisho ya kubadilisha.

Kuotea kupo, ila ni tofauti na soka. Kuna mstari wa bluu, na hakuna mshambuliaji anayeruhusiwa kuuvuka kabla ya kisahani. Hakuna habari ya beki wa mwisho. Pia huwezi kukipiga kisahani ovyo kutoka nusu yako hadi nyuma ya goli la mwenzako ili upumue. Ukifanya hivyo mchezo unarudishwa mbele ya goli lako na waliochoka hawaruhusiwi kubadilishwa. Mnaocheza pungufu ndio mmesamehewa.

Adhabu ndizo zinazoamua mechi. Kosa dogo, dakika mbili kwenye benchi la adhabu, timu inabaki na wanne. Ikifungwa bao, anarudi mapema. Kosa kubwa ni dakika tano, na hizo hazikatishwi hata mkifungwa matatu. Ukiona timu yako ina mtu zaidi, hapo ndipo pa kuacha kula karanga.

Kuhusu ngumi: kwenye mashindano ya IIHF anayepigana anatolewa. Zile zilizosambaa mitandaoni, Marekani na Kanada kupigana mara tatu ndani ya sekunde tisa za kwanza huko Montreal Februari 15, 2025, zilikuwa chini ya sheria za NHL. Wengi waliingia kwenye mchezo huu kwa klipu ile, wakafika Mei wakilalamika kwamba watu hawapigani.

Pointi: ushindi ndani ya dakika 60 ni 3. Ushindi wa nyongeza au penalti ni 2, na aliyepoteza hapo anaondoka na 1. Sare hakuna. Muda wa nyongeza wa mashindano ya dunia huchezwa watatu kwa watatu, anayefunga kwanza amemaliza. Fainali ya 2025 ilikuwa 0-0 mpaka hapo, kisha Tage Thompson wa Marekani akaifunga Uswisi. Tangu mwaka 1933 Marekani haikuwa imeshinda fainali ya mashindano haya.

Hatua ya 5: Picha utaipata wapi

Anza na tovuti ya IIHF na programu yake ya simu. Hizo ni bure, zinaonyesha matokeo yanavyokwenda, nani yuko benchi la adhabu, na dakika ngapi zimebaki. Siku bando limeisha, mimi hufuata mechi nzima kwa namba tu, kama wazee walivyosikiliza soka redioni.

Muhtasari wa mechi huwekwa kwenye chaneli ya YouTube ya IIHF. Kwa mtu mwenye kazi za asubuhi, hii ndiyo njia ya mechi za Amerika: lala, amka, usifungue mtandao wowote, tazama muhtasari kabla hujaona matokeo. Kwa mechi nzima kuna huduma yao ya IIHF.TV, ambayo haki zake hutofautiana nchi kwa nchi na shindano kwa shindano. Kabla hujalipa, angalia kama Tanzania imo kwa shindano lile unalolitaka. Lipia shindano, usilipie matumaini.

Bando: kwa picha ya ubora wa kati, 480, kadiria kama GB 2 kwa mechi. Ukipandisha ubora inaruka mara mbili au zaidi. Kisahani hiki kidogo kinakushawishi upandishe. Mimi hubaki 480 kwenye makundi, napandisha kuanzia nusu fainali. Vifurushi vya usiku huwa nafuu, na hapa mechi za Ottawa zinakuwa na faida yake pekee.

Umeme: jaza LUKU mchana, chaji simu na betri ya akiba. Ukikatika katikati ya mechi, shusha mwanga wa skrini, rudi kwenye namba.

Kibanda umiza usikitegemee. Nilimwomba mwenye banda mmoja aniwekee fainali ya 2025 baada ya watu wa Simba kuondoka. Akakubali kwa sharti nilipie viti kumi. Nikalipa, wakaja watatu. Mmoja wao ni mama ntilie wa jirani aliyesubiri mtoto wake amalize kufunga banda. Alitazama kipindi kizima kimya, kisha akaniuliza: "Fundi, hiyo barafu mbona haiyeyuki?"

Hatua ya 6: Swali la mama, kwa wakati wa mapumziko

Mapumziko ni dakika 15, mara mbili, na utaona mashine kama trekta dogo ikizunguka. Hapa nina ya kusema.

Chini ya barafu kuna zege, na ndani ya zege kuna mabomba yaliyolazwa sambamba yanayopitisha maji ya chumvi au glaikoli iliyopozwa chini ya sifuri. Ni jokofu lililolazwa chali. Maji hunyunyizwa tabaka kwa tabaka, yanaganda, yanapakwa nyeupe, mistari inachorwa, yananyunyizwa tena. Jumla ni kama sentimita 3 tu, na uso wake huwa karibu nyuzi 5 chini ya sifuri. Bonge moja la barafu linalopandishwa boti ya Ukerewe ni nene kuliko uwanja mzima wa Stockholm.

Ile mashine ilibuniwa na Frank Zamboni huko California mwaka 1949. Inakwangua tabaka lililochanwachanwa na viatu vyenye makali, kisha inamwaga maji ya moto. Ndiyo, ya moto. Yanayeyusha kidogo mikwaruzo ya chini na kushikana nayo, na yana hewa kidogo ndani yake, hivyo yanaganda yakiwa magumu na angavu. Maji baridi yakimwagwa hapo yanakaa juu kama ukoko. Ndiyo maana mwanzoni mwa kila kipindi kisahani kinateleza kasi, na dakika za mwisho kinakwama na pasi zinaharibika. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini makocha huacha kucheza pasi nzuri kadiri saa inavyokwisha.

Nilimweleza mama yote haya. Akasema umeme wake nani analipa. Sikuwa na jibu.

Hatua ya 7: Shuka chini, Afrika iko huko

Ukishaizoea Mei, rudi Aprili uangalie madaraja ya chini. Mashindano ya dunia yamepangwa kama ngazi: daraja la juu, kisha la I, II, III na IV, na yale ya kati yamegawanywa kundi A na B. Kila kundi linachezwa mji mmoja kwa wiki moja hivi. Wa kwanza anapanda (kutoka daraja la I, kundi A, wanapanda wawili), wa mwisho anashuka. Afrika Kusini, mwanachama tangu mwaka 1937, huhangaika huko chini mwaka baada ya mwaka.

Na Kenya imo. Vijana wa Ice Lions walijifunzia kwenye kile kiwanja cha Panari, kidogo kuliko kiwanja halali. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakavaa vifaa kamili, na waliokuja kucheza upande wao ni Crosby na MacKinnon, hao hao waliofungwa na Denmark Herning. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa IIHF kama mwanachama mshiriki. Hadhi hiyo peke yake haikupi nafasi ya kupanda ngazi. Unahitaji uwanja wa vipimo, urefu mita 60 na upana usiopungua 26.

Kwa hiyo kila msimu mpya, daftari langu lina ukurasa wa mwisho wenye mistari mitatu: nani kapanda, nani kashuka, Kenya imecheza na nani. Makundi ya Mei inayofuata yakishatangazwa, nayanakili, natoa 5 kwenye kila saa, nabandika ukutani juu ya jokofu.